Mtoto wenu anaitwa nani? Kwa wadogo zangu mnaoanza kuchora vitabu vya watoto

Wadogo zangu, wiki iliyopita nimeletewa dami tatu nizipitie (dami ni kile kitabu cha majaribio cha kurasa zote, kabla ya kuchapwa), za watu watatu ambao hata hawajuani, na aisee nilipomaliza ya tatu nikaziweka mezani nikakaa kimya kwanza. Mikono mnayo. Mistari imetulia, rangi mnazijua kuliko nilivyozijua mimi nikiwa na umri wenu, vivuli mnavipiga mpaka raha. Ila zote tatu zina ugonjwa uleule: mtoto aliyemo ndani si mtoto wa mtu. Macho makubwa, kichwa kikubwa, tabasamu, basi. Nikampigia simu mmoja wenu nikamuuliza, huyu mtoto anaitwa nani? Akanijibu, "Dada, si ndo mhusika mkuu." Nikamwambia sawa, lakini anaitwa nani? Akacheka, alidhani natania. Sikuwa natania hata kidogo.

Haya mambo nayasema kila mwaka kwa mtu mmoja mmoja, leo nayaandika mara moja yakae. Na nitayasema kupitia Ezra Jack Keats, mchoraji wa vitabu vya watoto wa Marekani, kwa sababu huyo mzee ndo aliyenifundisha kazi hii bila kunijua, amefariki Mei 1983 na mpaka leo nikikwama kwenye kurasa navuta kitabu chake nakiweka pembeni ya meza. Wengi wenu mnamjua kwa ile picha moja tu, mtoto mwenye nguo nyekundu ya baridi kwenye theluji. Mnaipenda, mnaibandika kwenye simu zenu, halafu mnakaa mnachora kinyume na kila alichofanya yule mzee. Ndo maana nimeandika kwa urefu, mnisamehe.

1. Mtoto kwanza, mstari baadaye

Keats alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1916, mtoto wa Wayahudi waliohama kutoka Polandi, na jina la kuzaliwa ni Jacob Ezra Katz. Mwaka 1940 akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu akaona kwenye jarida la Life picha nne za mtoto mdogo mweusi wa kiume anayekwenda kupimwa damu. Picha za kawaida tu, mtoto anasimama, anasubiri, anashtuka, sura inabadilika. Akazikata. Akazibandika ukutani. Maisha yakaendelea, akachora mandhari za nyuma kwenye katuni za Captain Marvel, akaingia jeshini 1943 akawekwa kwenye kazi ya kubuni mabaka ya kuficha wanajeshi, akabadilisha jina 1947 kwa sababu ya chuki dhidi ya Wayahudi, akaenda Paris, akarudi, akawa anachorea majarida na majalada ya vitabu, na muda wote huo zile picha mara zinatoka ukutani mara zinarudi. Kitabu chenyewe cha yule mtoto wa nguo nyekundu, anayeitwa Peter, ni The Snowy Day, na kimekuja kuchapwa mwaka 1962. Hesabuni. Miaka 22 mtoto mmoja anaangaliana na mchoraji mmoja.

Sasa mimi sisemi mkae na picha miaka 22, mchapishaji hawezi kuwasubiri. Ninachosema ni kwamba Keats alipokaa kuchora Peter alikuwa anamjua, anajua akishangaa mabega yanakwenda wapi, anajua nguo zinamkaaje, na hakunakili zile picha, kwenye zile picha hakuna theluji wala nguo nyekundu. Alikuwa ameshaishi na huyo mtoto kiasi kwamba anaweza kumweka mahali popote na akabaki yeye. Fungueni mkaangalie Peter akiwa amegeuka nyuma kabisa, uso huuoni, unaona kofia yenye ncha na nyayo anazoacha, mara vidole vimeelekea nje, mara ndani, na unajua ni yeye. Nyie mnachora nywele na macho kisha mnategemea nywele na macho yabebe mtu mzima.

Na halafu Peter anakua! Ameonekana kwenye vitabu saba, kuanzia huyo mdogo wa kwenye theluji, anajifunza kupiga mluzi, anapata mdogo wake wa kike, anakuwa mkubwa anatembea na wenzie mtaani, na njia ya kuchora inabadilika kutoka vipande vya karatasi vilivyotulia mpaka rangi iliyopakwa kwa nguvu, lakini ukimkuta popote unasema ah, Peter huyo, kakua. Hebu chukueni mhusika wenu wa ukurasa wa 6 mumlinganishe na wa ukurasa wa 20. Mmeona?

2. Yule wa mwanzo ameenda wapi

Hili nalisema kwa urefu kwa sababu liliniuma na bado linaniuma, na sitaki liwakute.

Kitabu changu cha kwanza mimi peke yangu kama mchoraji kilikuwa kuhusu msichana aliyeng'oka jino lake la kwanza, likapotea, akalitafuta nyumba nzima. Hadithi nzuri, fupi, mwandishi alikuwa ameiandika kwa mapenzi makubwa. Kurasa 32. Nilifurahi mno, na furaha ile ndo ilinimaliza. Nilichofanya ni hiki, nikaingia mtandaoni nikakusanya, macho ya mtoto huyu, nywele za yule wa kwenye tangazo, mkao wa yule wa katuni, nikaviunganisha nikapata "msichana". Sikutengeneza karatasi ya mhusika, ile ya kumchora mbele, nyuma, ubavu, amekasirika, amelala. Nilijiambia nitamjua nikiwa naendelea. Halafu sikuanza na dami. Nilianza na ukurasa ninaoupenda, ule anaochungulia chini ya kitanda na tochi, nikaupaka rangi mpaka mwisho, ukapendeza, nikautuma kwa mhariri wiki ya pili nione kama atashangaa. Akashangaa kweli. Basi nikaamini kazi ni rahisi.

Kazi ilienda miezi minane, na ndani ya miezi minane mkono wa mtu unabadilika, hilo nalo hakuna aliyeniambia. Uso niliouchora mwezi wa kwanza na uso niliouchora mwezi wa saba ni watu wawili. Mwanzoni alikuwa na mashavu ya duara na shingo fupi, mwishoni ana kidevu, ana shingo, ana nyusi zenye maoni. Mafundo matatu ya nywele yakawa mawili. Na pengo jamani, kitabu kizima ni cha pengo, pengo lilianza juu kushoto, kufika katikati limehamia kulia. Mhariri akaandika kwenye prufu, ile nakala ya kusahihishia kabla ya kuchapa, kwa kalamu nyekundu, "pengo limehama?" na nyingine akaandika "uso huu ni wake?" Nikarekebisha pengo. La uso nikamjibu kwamba ni pembe tu, amegeuza kichwa. Nilikuwa nimechoka, tarehe ilikuwa imefika, na ndani ya moyo nilikuwa najua. Hilo ndo linaloniuma zaidi ya yote, kwamba nilijua. Mtu aliniuliza swali sahihi kwa upole na mimi nikamjibu kwa neno la kiufundi ili anyamaze.

Kitabu kikachapwa. Kilipendeza kweli kwa kukiangalia haraka haraka, watu wakanipongeza. Nikaalikwa darasa moja kwenda kukisoma, watoto wa miaka sita saba, wamekaa chini kwenye mkeka, nami nimekaa kwenye kile kiti kidogo nimefungua kitabu nimekigeuzia kwao. Mbele kabisa kulikuwa na msichana mwenye pengo lake mwenyewe, mnaelewa nilivyofurahi nilipomwona, nikasema moyoni hiki kitabu ni chako wewe. Tukafika kama ukurasa wa 19. Akasimama. Akaja mpaka pale nilipo, akashika kurasa kwa mkono wake, akarudisha nyuma moja, mbili, tatu, mpaka mwanzo kabisa, akaweka kidole juu ya shavu la yule wa duara akaniuliza,

"Anti, yule wa mwanzo ameenda wapi?"

Mwalimu akataka kumkalisha, mimi nikasema mwache. Nikamwambia, ni huyuhuyu mama, ni yuleyule. Akaangalia tena. Akapeleka kurasa mbele, akarudisha nyuma. Na wenzie nao sasa wameamka, mmoja akasema huyu mwingine ni dada yake, mwingine akasema hapana, ni rafiki yake amekuja kumsaidia kutafuta jino, na wakakubaliana hivyo, kwamba yule mwenye jino amechoka ameenda kulala na rafiki yake ndo anaendelea kutafuta. Walinipatia suluhisho! Watoto wa miaka sita walikaa wakatengeneza hadithi nyingine ili kitabu changu kiwe na maana. Kisha mmoja wa nyuma akauliza, sasa huyu rafiki yake anaitwa nani, mbona hajatajwa? Nikakosa la kujibu. Yule wa pengo akarudi kukaa kwenye mkeka, nikaendelea kusoma mpaka mwisho, na nilipokuwa nasoma niliona hatazami tena picha, anatazama viatu vyangu.

Usiku ule nilitoa The Snowy Day kwenye kabati nikapekua polepole nikiwa na karatasi nyeupe, nafunika kila kitu nabakiza sehemu tu ya Peter, mkono tu, mgongo tu, kofia tu. Kila kipande kilikuwa yeye. Halafu nikachukua changu nikafanya vilevile, na nilipofika ukurasa wa 19 nikakifunga.

Kwa hiyo mkiniona naulizauliza majina msinicheke. Kitabu kilichofuata nilikwenda kwa jirani nikaomba kwa mama yake ruhusa ya kumchora binti yake, nikakaa uani kwao jioni nyingi na daftari, sikuchora uso hata mara moja kwa wiki mbili za kwanza, nilichora anavyochuchumaa. Yule binti anachuchumaa goti moja likiwa juu kuliko lingine na mkono mmoja umeshika kisigino. Hilo goti liko kwenye kitabu kurasa zote anazochuchumaa, na hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza ameenda wapi.

(Na ruhusa ya mzazi muombe kweli, iwe ya maandishi, hata kama mtoto ni wa shangazi yako.)

3. Dami kabla ya rangi. Kurasa zote 32, vimchoro vidogo, penseli, viambatanishwe vifunguke kama kitabu, ugeuze kwa mkono wako. Basi.

4. Msiweke uso kwenye mkunjo wa katikati. Wala mkono. Wala neno.

5. Rangi ya kwenye skrini si rangi ya kwenye karatasi, geuzeni faili kuwa CMYK, yaani mfumo wa rangi nne za mashine ya kuchapa, mapema mkaombe prufu iliyochapwa, msisubiri kushangaa siku ya mzigo.

6. Vifaa havina cheo

Mnaniuliza sana brashi gani, programu gani, tableti gani. Sikilizeni Keats alichofanya. Alipoanza Snowy Day hakuwa mtu wa kolaji, yaani picha ya vipande vilivyobandikwa, alitaka tu kubandika karatasi mbili tatu zenye mapambo hapa na pale ziongeze ladha. Kipande kimoja kikavuta kingine. Gauni la mama yake Peter amelikata kwenye kitambaa kile cha plastiki kinachotandikwa ndani ya makabati. Shuka la kitanda ni kipande cha turubai ya kuchorea kutoka Ubelgiji. Vinyota vya theluji amechonga mihuri kwenye vifutio, akachovya rangi akagonga. Na ule ukurasa Peter anapolala, wenye kijivu nyuma yake, amerushia wino kwa mswaki. Mswaki!

Jaribuni nyumbani mtaona. Chovya mswaki kwenye wino, elekeza chini, pitisha kidole gumba kwenye nywele zake kuelekea kwako, matone yanaruka upande wa pili, mengine makubwa mengine kama vumbi, na hakuna tone linalofanana na lingine. Kwenye tableti mnayo brashi inayoiga hivyo na ni nzuri, naitumia pia, lakini ile inarudia, ukikodoa macho unaona inarudia kila baada ya sehemu fulani, na mtoto anayelala na kitabu kimoja usiku arobaini mfululizo atakuja kuona kabla ya mhariri.

Alikuwa na miaka 46 alipofanya hayo majaribio. Ameshafanya kazi ya kuchora zaidi ya miaka ishirini, amepaka picha za ukutani kwenye mradi wa serikali enzi za mdororo wa uchumi, ana jina, ana wateja, na bado akakaa chini kuchonga vifutio kama mwanafunzi. Kuna mmoja wenu ana miaka 24 ameniambia eti yeye "ameshapata staili yake". Mdogo wangu nakupenda, lakini hiyo staili iache mlangoni kidogo.

7. Nyumbani watakaposema hii si kazi

Najua mnasemwa. Wengi mnaniandikia usiku kuhusu hilo kuliko kuhusu rangi. Sina dawa yake, nina hadithi tu.

Keats akiwa mdogo alichora meza ya jikoni yote, akaijaza juu mpaka pembeni. Mama yake alipoingia, badala ya kumchapa, akaona ni dhambi kuisugua, akatoa kitambaa cha meza akaifunika ili ikae, majirani wakija anafunua kuwaonyesha. Huyo ni mama. Baba, Benjamin, alikuwa mhudumu kwenye mgahawa mtaa wa Greenwich Village, anawaona wachoraji wenye njaa kila siku, na alikuwa anamwambia mwanawe wazi kwamba sanaa itamlaza na njaa. Lakini akawa anarudi nyumbani na tyubu za rangi, anasema kuna mchoraji amenibadilishia hii kwa bakuli la supu, unaona wanavyoteseka? Kumbe alikuwa anazinunua. Mtu anayepata mshahara wa kubeba sahani anamnunulia mwanawe rangi huku anamwambia asichore.

Januari 1935 baba akaanguka barabarani, moyo, akafa, mtoto akiwa ndo anakaribia kumaliza sekondari. Ezra ndiye aliyekwenda kumtambua. Wakampa pochi ya baba yake aangalie, na ndani akakuta vipande vya gazeti vimechakaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa, habari za tuzo alizoshinda yeye kwa kuchora. Baba yake alikuwa anatembea nazo.

Alikuwa na nafasi tatu za kusomeshwa sanaa na hakwenda, ilibidi afanye kazi ili familia ipate kula.

Mimi nikifika hapo huwa nasimama kidogo. Sisemi kila mzazi anayewasema ana pochi ya namna hiyo, wengine hawana. Ila kabla hamjagombana nao jioni hii, wapelekeeni kitabu kilichochapwa wakishike mkononi, maana faili kwenye simu hawalioni kama kazi na siwalaumu.

8. Watakaowakosoa, msiwajibu siku hiyohiyo

Snowy Day ilipata medali ya Caldecott 1963, tuzo kubwa ya Marekani ya wachoraji wa vitabu vya watoto, kitabu cha kwanza chenye mtoto mweusi kama mhusika mkuu kuipata. Ungedhani angepumzika. Mwaka 1965 Nancy Larrick, mtaalamu wa elimu, akaandika makala yake maarufu kuhusu vitabu vya watoto Marekani kuwa vya weupe watupu. Alikuwa amepitia vitabu 5,206 vya miaka mitatu, akakuta asilimia 6.7 tu ndo vina hata mtu mweusi mmoja ndani. Kazi kubwa sana ile, na ilikuwa kweli, na ilihitajika. Lakini humohumo akamgusa Keats pia, kwamba maneno ya kitabu hayataji popote kuwa Peter ni mweusi, na namna alivyomchora mama yake Peter. Keats aliumia, akajibu kwa barua kali.

Wengine mtakuwa upande wa Larrick, wengine wa Keats, na mimi nimebadilika mara mbili tatu maishani. Leo naona hivi. Aliyeuliza kuhusu mama alikuwa na haki ya kuuliza, ukichora mwili wa mama mweusi katika nchi yenye historia ile lazima ujue michoro gani ya zamani inakaa nyuma ya mkono wako. Ila kwenye suala la kutaja, Keats ameniridhisha. Miaka yote aliyochorea hadithi za wengine mtoto mweusi hakuwemo, au kawekwa nyuma huko ajaze nafasi, na yeye alitaka Peter awepo tu kwa sababu alistahili kuwepo tangu zamani. Theluji imeanguka, mtoto ametoka kucheza, anaweka donge mfukoni, anaingia ndani, mfuko umelowa donge halipo. Hakuna anayemfundisha mtu kitu. Na Langston Hughes, yule mshairi mweusi wa Marekani, alimwandikia barua kukipenda.

Kuna barua nyingine ndo ninayowasimulia siku zote. Mwalimu mmoja alimwandikia Keats kwamba watoto wa darasa lake kwa mara ya kwanza wameanza kuchukua kalamu ya kahawia kujichora. Kabla ya hapo walikuwa wanajichora kwa ya pinki. Someni tena hiyo. Ile kalamu ya kahawia ilikuwepo kwenye boksi siku zote, wameitumia kwa mashina ya miti, kwa mbwa, kwa milango.

Ndo maana nakasirika nikiona dami yenye mtoto aliyetokana na utafutaji wa dakika tano. Sikasiriki kwa sababu ya ufundi, ufundi utakuja. Nakasirika kwa sababu kuna mtoto fulani atakifungua kile kitabu akitafuta uso, na nyie mmeweka pale mdoli.

9. Mkataba usomeni wote, picha zenu za asili zibaki mali yenu iandikwe, na msikubali kulipwa "kitabu kikiuza".

10. Kuhusu kudumu

Mmoja aliniuliza, dada, kitabu kimoja kinaweza kufika mbali namna gani? Maktaba ya umma ya New York ilipotimiza miaka 125, mwaka 2020, ilitoa orodha ya vitabu vilivyoazimwa zaidi tangu ianze, na cha kwanza kabisa, juu ya vyote, vya wakubwa na wadogo, ni Snowy Day, mara 485,583. Peter na mbwa wake Willie wana sanamu kwenye bustani ya Prospect Park, Brooklyn. Mwaka 2017 posta ya Marekani ikamtoa Peter kwenye stempu. Keats mwenyewe hakuoa, hakuwa na watoto, na mapato ya vitabu aliyaacha yaende kwenye taasisi yake, ikasimamiwa na rafiki yake wa utotoni Martin Pope na mkewe, na kati ya iliyofanya taasisi hiyo ni kuanzisha tuzo kwa waandishi na wachoraji wanaoanza. Wanaoanza, yaani watu kama nyie.

Lakini nikifikiria kudumu siwazi sanamu. Nawaza zile nakala za maktaba. Kitabu cha watoto kilichoazimwa sana mnakijua kilivyo, pembe zimelegea, mgongo umebandikwa gundi mara tatu, kuna alama ya kidole chenye uji kwenye ukurasa mmoja, na huo ukurasa ukiuangalia vizuri unakuta ndo ule ambao kila mtoto anausimamisha mzazi asigeuze kwanza. Mchoraji mwenye akili angezunguka maktaba akaangalia ni ukurasa upi umechakaa kuliko mingine. Mimi nimeanza kufanya hivyo, daftari mkononi, na nawaambia sio ule mchoraji alioutia nguvu, mara nyingi ni ule mtulivu, mtoto yuko peke yake na kitu kidogo, fimbo, donge la theluji, kiatu.

Kile kitabu changu cha jino nacho nimewahi kukitafuta kwenye maktaba moja. Kilikuwa kisafi sana.

Basi, dami zenu ziko mezani kwangu, nimeandika kwa penseli hafifu, zinafutika, msiogope. Njooni mzichukue Jumamosi asubuhi kabla sijatoka. Ya kwanza ina ukurasa wa 12 mzuri sana, huo usiuguse. Ya pili punguza maneno umwambie mwandishi nimesema mimi. Ya tatu anza upya, najua inauma, nitakaa na wewe. Na kila mmoja akija, kabla hajafungua chochote, aniambie mtoto wake anaitwa nani na akichuchumaa goti lipi linakuwa juu.